Mota ya kinoo cha polepole: anza kuhesabu kwenye jiwe

Fundi yeyote aliyewahi kunoa patasi kwenye mashine ya kurusha cheche anaijua ile rangi. Makali yanakuja vizuri, unafurahi, mara ncha inageuka kahawia, inakuwa zambarau, kisha bluu. Hapo kazi imeharibika. Chuma kilichofika bluu kimepita nyuzi 290 hivi, na chuma cha patasi, baada ya kugumishwa kiwandani, hupashwa tena joto la wastani tu, karibu na nyuzi 200, ili kisivunjike kama kioo. Ukikipeleka zaidi ya hapo unaendelea kukilainisha. Patasi hiyo utaipeleka kwenye mninga, itakata kidogo, kisha makali yatakunjika. Dawa ni kuondoa sehemu yote iliyobadilika rangi na kuanza upya. Kwa namna hiyo nimewahi kuondoa karibu sentimita nzima ya patasi niliyoipenda, na sikutaka iwe mara mbili.

Jiwe linalozunguka polepole likiwa limeloa maji halina shida hiyo, kwa sababu maji yakiwepo pale chuma kinapogusa jiwe, joto haliwezi kukaribia huko. Mashine za namna hiyo zinauzwa. Inayojulikana zaidi ni Tormek ya Sweden, na mashine yao kubwa ina jiwe la milimita 250 linalozunguka mara 90 kwa dakika. Kwa karakana nyingi za kwetu bei yake haishikiki, kwa hiyo watu hujitengenezea. Na karibu kila anayeanza huuliza kwanza: niweke mota ya hosipawa ngapi?

Swali hilo limewafanya wengi wanunue mota mara mbili. Hosipawa ni jambo la mwisho kabisa katika hesabu hii. La kwanza ni jiwe: ni kubwa kiasi gani, na lizunguke kwa kasi gani.

Kasi inayohusika ni ya uso wa jiwe, yaani mita ngapi za jiwe zinapita chini ya chuma kwa dakika. Zidisha kipenyo kwa 3.14, kisha kwa mizunguko. Jiwe la milimita 250 kwa mizunguko 90 linatoa mita 71 kwa dakika. Grainda ya mezani ya kawaida, yenye jiwe la milimita 150 na mizunguko 2,850, inatoa mita 1,343. Ni karibu mara 19. Ndiyo maana moja inachoma na nyingine haichomi.

Kwa nini 90, na si 200 au 300? Tazama maji. Maji yaliyo juu ya jiwe yanavutwa chini na uzito wake, na mzunguko unayarusha nje. Kwenye jiwe la 250, kwa mizunguko 90, nguvu ya kurusha ni karibu sawa na uzito wenyewe, imezidi kwa kama sehemu moja ya kumi. Utando wa maji unashika jiwe kwa mnato wake na unafika kwenye makali. Ongeza mizunguko hadi 120 na kurusha kunakuwa mara mbili ya uzito. Fika 180 na ni mara nne na nusu. Hapo maji yako yako kwenye shati na ukutani, na jiwe linafika kwenye chuma likiwa nusu kavu. Kwa jiwe dogo zaidi, la milimita 200, mizunguko 120 bado inavumilika. Lengo letu basi ni kati ya 80 na 120. Andika namba hiyo ukutani kabla hujaenda kutafuta mota.

Sasa nguvu. Kuna vitu viwili ambavyo Kiswahili cha kila siku huviita kwa jina moja, na hapa lazima tuvitenge. Wati, au hosipawa, ni kiasi cha kazi inayofanyika kwa sekunde. Nguvu ya kuzungusha ni jinsi shafti inavyosokota kwa ukali, na hupimwa kwa nyutoni-mita. Fundi wa magari anaijua tofauti hii kwa mikono yake: nati iliyoshika haifunguki kwa kuharakisha, inafunguka kwa spana ndefu. Mwendesha baiskeli anaijua kwenye mlima: akiweka gia nyepesi anakwenda polepole lakini gurudumu linasukuma kwa nguvu zaidi, na miguu ni ile ile.

Ukibana patasi pana kwenye jiwe kwa uzito wa kama kilo 6, na msuguano ukiwa nusu ya hapo, jiwe linazuiwa kwa nyutoni 30 hivi kwenye ukingo wake. Kwa jiwe la 250, nusu kipenyo ni sentimita 12 na nusu, kwa hiyo unahitaji nyutoni-mita 3.75. Ukinoa shoka na kulilalia kwa uzito wa kilo 12, ni 7.5. Kwa mizunguko 90, kazi hiyo nzito ya shoka ni wati 71 tu. Soma tena namba hiyo, maana ndiyo inayowashangaza watu: wati 71. Kazi yenyewe haitaki mota kubwa. Inataka mota ndogo iliyopunguzwa kasi kwa njia sahihi.

Linganisha mota mbili. Ya kwanza ni ya pampu ya maji ya nyumbani, nusu hosipawa, wati 370, mizunguko 2,850. Shafti yake inatoa nyutoni-mita 1.24. Ya pili ni robo hosipawa, wati 180, mizunguko 1,420. Inatoa 1.21, karibu sawa na ile yenye hosipawa mara mbili yake. Sasa punguza kasi ya hii ndogo mara 16 kwa mikanda: jiwe linazunguka mara 89 kwa dakika, na nguvu ya kuzungusha, hata ukitoa kinachopotea njiani, inabaki nyutoni-mita 16 hivi. Ni zaidi ya mara mbili ya kinachohitajika kwa shoka. Hutalisimamisha jiwe hilo kwa mkono.

Kasi hizo, 2,850 na 1,420, hazikutokea kwa bahati. Mota nyingi zinazotumia umeme wa ukutani moja kwa moja, zisizo na kaboni za kusugua, zinafuata mapigo ya umeme, ambayo kwetu ni 50 kwa sekunde. Mota iliyosukwa kwa ncha 2 za sumaku ingezunguka mara 3,000, ya ncha 4 mara 1,500, ya ncha 6 mara 1,000. Kwa kweli huteleza nyuma kidogo, na kuteleza huko ndiko kunakoipa nguvu, kwa hiyo kwenye kibao chake utasoma 2,850, au kati ya 1,400 na 1,440, au 930 hivi. Kibao hicho ndicho unachotafuta kwenye rundo la skrepa. Ukiona 14 na tarakimu mbili mbele yake, kaa chini uongee bei.

Hapa ndipo linapokuja kosa ambalo nalisikia mara nyingi zaidi kuliko mengine yote: "Nitaweka rigyuleta ya feni, niipunguze kasi kwa umeme." Haifanyi kazi kwa mota ya namna hii, na ni vizuri kuelewa sababu. Rigyuleta hupunguza volti. Haigusi mapigo 50. Mota bado inajaribu kuifikia kasi yake ya 1,420, ila sasa imenyimwa nguvu, na nguvu ya kuzungusha hushuka kwa mraba wa volti. Volti nusu, nguvu robo. Kwenye feni hilo halidhuru, kwa kuwa upepo ni mzigo unaopungua haraka kasi inapopungua, kwa hiyo feni hupata mahali pa kutulia. Jiwe la kunolea halina huruma hiyo: ukibana, mzigo ni ule ule kwa kasi yoyote. Mota inazidi kuchelewa, inavuta umeme mwingi, koili zinapata moto, na baada ya muda unasikia harufu ya varnishi. Ukishaisikia, safari inayofuata ni kwa fundi wa kusuka mota.

Sheria hiyo ya mraba inakuhusu hata kama huna rigyuleta. Mtaani kwenye umeme mdogo, jioni volti zikishuka kutoka 230 hadi 180, mota yako inabaki na asilimia 61 tu ya nguvu yake ya kuzungusha. Hii ni sababu nzuri ya kutaka akiba kubwa kuliko hesabu ya shoka inavyodai.

Mota ya kaboni, ile ya drili, ya blenda, au ya baadhi ya mashine za kufulia za mlango wa mbele, inakubali kupunguzwa kwa volti. Lakini imezaliwa kwa mizunguko elfu kumi na zaidi. Ukiishusha sana inakuwa dhaifu, kasi yake inashuka kila unapobana na kuruka kila unapoachia, na feni yake ya ndani inazunguka polepole mno kuipoza. Sijawahi kuona moja ikidumu kwenye kinoo.

Feni ya dari inawavutia wengi kwa kuwa inazunguka mara 300 hivi, karibu na tunachotaka. Usidanganyike. Nguvu yake ya kuzungusha iko karibu na nyutoni-mita moja, inayotosha upepo, na patasi ya kwanza itaisimamisha. Mota ya pampu inawezekana, ila kutoka 2,850 hadi 90 ni kupunguza mara 32, na shafti yake mara nyingi ni fupi, imechongwa kwa ajili ya propela ya maji, haina mahali pa kushika puli.

Yangu ilitoka kwenye mashine ya kufulia ya mitumba, ile ya matangi mawili, upande wa kufulia. Nazisifu mota hizi bila kusita. Ni za ncha 4, hazina kaboni, zimezoea kuanza na kusimama na kugeuka mwelekeo mchana kutwa, na mashine zake huharibika taimeri au tangi mota ikiwa bado nzima. Usichukue ile ya upande wa kukamulia. Inafanana nayo kwa sura, lakini imetengenezwa kwa dakika chache tu kwa wakati. Ukikuta mota nyingine yenye kibao, tafuta alama S1: inamaanisha inaweza kufanya kazi bila kupumzika. S2 ina muda mfupi uliotajwa, na S3 inahitaji kupumzika kila baada ya muda.

Mota ya upande wa kufulia ina nyaya tatu na mara nyingi haina maelezo. Chukua mita ya kupimia ukinzani. Kati ya jozi tatu za nyaya, mbili zitasoma sawa, na ya tatu itasoma jumla ya hizo mbili. Waya ulio katika zile jozi mbili zinazolingana ndio wa pamoja. Nyutro inakwenda hapo. Kapasita inaunganisha nyaya mbili zilizobaki, na laini, yaani waya wa moto, unaipeleka kwenye mmoja wao. Ukiipeleka kwenye mwingine, mota inageuka. Kwa swichi moja ya njia mbili unapata jiwe linalokuja kuelekea makali, ambalo hula chuma haraka, na linalokimbia makali, ambalo ni laini zaidi kwa kumalizia na kwa gurudumu la ngozi. Subiri lisimame kabisa kabla ya kugeuza. Na kapasita huhifadhi umeme hata plagi ikiwa imechomolewa, kwa hiyo itoe chaji kabla vidole havijagusa.

Kwa asiye na umeme wa gridi, au mwenye sola na betri ya gari, kuna mota ya waipa. Inatumia volti 12, ina giaboksi yake ya ndani, na ina kasi mbili, takriban 45 na 65 kwa dakika. Yaani tayari iko karibu kabisa na jiwe, na ina nguvu ya kushangaza kwa ukubwa wake. Kwa jiwe la 250, mizunguko 65 ni mita 51 kwa dakika: polepole, lakini inanoa. Udhaifu wake ni shafti, ambayo haikuandaliwa kubeba jiwe la kilo tano likisukumwa kutoka pembeni. Lipe jiwe shafti yake yenye beringi mbili, na mota izungushe shafti hiyo kupitia kiunganishi chenye raba. Weka fyuzi, maana ikikwama huvuta umeme mwingi ghafla, na gia ya ndani mara nyingi ni ya plastiki.

Wenye uwezo hutumia mota ya nyaya tatu za fezi pamoja na invata, inayobadilisha mapigo yenyewe, si volti peke yake. Hiyo ndiyo njia halali ya kupunguza kasi kwa umeme. Hata hivyo haikufikishi 90 peke yake. Ukishuka sana, feni ya mota haipozi. Bado utahitaji mkanda, na ukishakuwa na mkanda, invata imekuwa anasa.

Turudi kwenye kupunguza mara 16, ambako ndiko ningependa pesa yako iende. Kupunguza mara 16 kwa mkanda mmoja ni shida, kwa sababu puli ndogo inashikwa na kipande kidogo tu cha mkanda na inateleza. Gawa mara mbili: mara nne, kisha mara nne tena, na shafti ya kati kati yao. Hatua ya kwanza inaweza kuwa puli ya milimita 50 kwenda ya 200 kwa mkanda ule mwembamba wa mashine ya kufulia, kwa kuwa hapo mkanda unavutwa kwa nyutoni 48 tu. Hatua ya pili si sawa, na wengi huifanya sawa. Nguvu ya kuzungusha imeshazidishwa mara nne. Ukirudia puli ya 50, mkanda utavutwa kwa nyutoni 190 na zaidi, na utalia na kuteleza kila ukinoa panga. Weka puli ya 75 kwenda 300, kwa mkanda wa kawaida wa umbo la V, saizi A, na mvutano unashuka hadi nyutoni 130 hivi. Kwa mkanda wa A, 75 ndiyo puli ndogo inayopendekezwa hata hivyo.

Puli ya milimita 300 ya chuma ni ghali na nzito. Sisi maseremala tuna njia yetu: bandika vipande vya plaiwudi, vifunge kwenye shafti yake, zungusha, na chonga mfereji kwa patasi ya kukerezea vikiwa vinazunguka. Itakuwa na kitovu sahihi kwa sababu imechongwa kwenye kitovu chake. Ipake varnishi mara tatu, kwa ajili ya maji.

Njia nyingine inaruka mikanda yote, nayo ni ya msuguano: shafti ya mota inabanwa moja kwa moja kwenye ukingo wa gurudumu kubwa lenye raba. Mashine za dukani nyingi hufanya hivyo. Kwa fundi wa kwetu, gurudumu kubwa lenye raba ni la baiskeli. Roli ya milimita 40 kwenye mota, ikibanwa kwenye tairi la inchi 26, inatoa kama mizunguko 86. Wanoa visu wanaotembea mitaani na baiskeli hukanyaga pedali ili jiwe dogo lizunguke haraka. Hapa tunaigeuza hesabu yao. Mota itundike kwenye bawaba ili uzito wake wenyewe uibane kwenye tairi. Kumbuka mambo mawili. Ekseli ya baiskeli haizunguki, kinachozunguka ni habu, kwa hiyo utatoa mzunguko kwa mnyororo kwenda kwenye shafti ya jiwe. Na gia ya nyuma ya baiskeli huachia gurudumu likiitangulia, kwa hiyo ichomelee ishike, la sivyo tairi litazunguka na jiwe litakutazama. Tairi likilowa linateleza; weka ubao kati yake na bakuli.

Ukibahatika kupata giaboksi ya skrubu ya moja kwa 15 kutoka kwenye mashine ya zamani, ichukue. Inapoteza kama robo ya nguvu kwa joto, lakini inabaki nyingi.

Maji na umeme viko sentimita chache tu kutoka kwa kila kimoja, kwa hiyo mota isikae chini ya bakuli. Ikae pembeni au nyuma, fremu iwe na waya wa ardhi, na mzunguko wa umeme uwe na kikatio kinachokata kwa uvujaji wa miliampia 30. Waya unaoingia kwenye boksi la swichi uachwe uning'inie chini kidogo kwanza, ili tone linalotambaa juu yake lidondoke kabla ya kuingia. Na ukimaliza kazi, shusha bakuli. Jiwe lililolala ndani ya maji usiku kucha linanyonya upande mmoja, na asubuhi litayumba.

Jiwe pia linakwisha. La 250 likifika milimita 180, kasi ya uso imeshuka kutoka mita 71 hadi 51 kwa dakika, na utaona panga linachukua muda. Kwa sababu hiyo puli yangu ndogo ya hatua ya pili ina ngazi mbili, 75 na 95, na shafti ya kati imefungwa kwenye mifereji ili iweze kusogea. Jiwe likiwa jipya, mkanda uko kwenye 75. Likipungua, nalegeza boliti nne, nahamishia kwenye 95, na jiwe dogo linazunguka mara 112 na kurudi mita 63. Nguvu ya kuzungusha inapungua kidogo kwa kuhamisha huko, lakini jiwe dogo nalo linahitaji ndogo zaidi, na mota ile ile ya kufulia nguo haioni tofauti.